Sifuri ya Serikali Barazani kwa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mti nikaambiwa niusimamishe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Mti wenyewe ulikuwa ubao mrefu mwembamba, umechorwa futi na inchi kwa rangi nyeusi na nyekundu, nasi tuliuita mti wa kipimo. Aliyeushika aliitwa mshika mti, na hapakuwa na cheo chini ya hicho isipokuwa cha mtu wa kuchota maji ya kunywa. Ilikuwa Temeke, zama za Mwingereza, vita vya pili vimekwisha si zamani, na nyumba za Temeke zilikuwa bado zinapishana na mikorosho.

Nilisimama na mti wangu tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kujikuna. Niliogopa kwamba nikipumua kwa nguvu mti utainama. Mti ukiinama kipimo kitakosewa. Kipimo kikikosewa barabara itapinda. Barabara ikipinda mtu ataanguka na baiskeli yake, nami nitaitwa nikajibu. Nawaeleza mapema, vijana mnaosoma, ili mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia. Nilizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na kitovu kikubwa. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikimaliza hesabu, naianza upya kwa kutokea chini. Shule niliiacha mapema baba alipofariki, na hesabu zilizobaki nilijifunza mwenyewe katika kitabu kikuukuu ambacho kurasa zake za mwisho, zile zenye majibu, zilikuwa zimechanwa. Kwa hiyo nimepiga hesabu ujana wangu wote bila kuambiwa hata mara moja kwamba nimepata.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Pima. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, na Kiswahili chake alikisoma kitabuni mpaka kikanyooka kuliko chetu. Hakuwahi kusema "njoo." Alisema, "Athumani, tafadhali uje mahali hapa nilipo." Nyapara wa vibarua alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa kimo kifupi na sauti ndefu. Mimi ni Mzaramo, na kwa desturi Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo siku ileile ya kwanza alinizunguka akanitazama mimi na mti wangu, akasema, "Jamani, ule wenye namba ndio upi?"

Jioni ile, kabla hatujafunga vyombo, Bwana Pima aliniruhusu nichungulie katika darubini. Darubini ya kupimia ilikaa juu ya miguu mitatu, na ndani ya kioo chake mlikuwa na mstari wa mlalo. Namba ya mti iliyokatwa na mstari ule ndiyo kipimo. Nikachungulia. Nikamwona Nyapara Maganga amesimama kwa kichwa, miguu juu, anakunywa uji na uji haumwagiki. Nikaruka nyuma. Darubini za wakati ule ziligeuza dunia juu chini, na mpimaji alitakiwa aizoee hivyohivyo. Maganga aliposikia kwamba nimemwona kichwa chini, alisema, "Mzaramo hata akipewa jicho la serikali ataona ya kwao."

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu maishani: kutoka kwenye mti na kwenda nyuma ya ile darubini.

Safari haikuwa fupi. Kutoka Temeke nilipelekwa Vingunguti kushika mnyororo, ambao ni waya wa pingili unaopima urefu wa ardhi. Huko nilikuwa chini ya Bwana Pima Msaidizi, mtu wa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "Kaza!" Mnyororo ukilegea kipimo kinadanganya. Mpaka leo mtu akisema "kaza" karibu yangu, hata kama anafunga mzigo wake, mikono yangu inanyooka yenyewe.

Ndipo Bwana Pima akaniita nirudi kwake, akaanza kunifundisha hesabu ya darubini. Kila kazi, alisema, huanza na alama ya msingi. Hiyo ni alama iliyochongwa kwenye kitu kisichosogea, jiwe au ngazi ya nyumba imara, nayo hupewa namba sifuri. Mahali pote palipo juu yake tunapaita juu, pote palipo chini yake tunapaita chini: juu mbili, chini tano, na kadhalika. Siku hizi watoto wanasema chanya na hasi, na zote hizo pamoja na sifuri yao wanaziita namba kamili, kwa kuwa hazina vipande. Sisi tulisema juu na chini, na maji yalituelewa.

"Sikiliza," akasema Bwana Pima. "Mti ukiwa juu ya alama ya msingi, darubini inasoma nne. Maana yake ni kwamba jicho langu lipo futi nne juu ya alama. Kisha mti unakwenda dimbwini, na darubini inasoma tisa. Nne ukitoa tisa ni ngapi?"

"Haitoki, Bwana."

"Inatoka, Athumani. Inatokea upande wa chini."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa chochote. Shuleni mwalimu alinichapa kwa kutoa tisa kwenye nne, leo mkubwa anataka nitoe, na kila mmoja alikuwa na fimbo yake. Na sifuri, kwa nilivyofundishwa, ilikuwa hakuna. Chini ya hakuna kuna nini?

Nilikuwa nakaa kwa bibi yangu mzaa mama, Temeke. Jioni ile nilimkuta anachambua mchele, anapanga wageni wake kwa sauti.

"Kesho anakuja shangazi yako, keshokutwa mashoga zangu wa Mbagala, mtondo hakuna mtu, mtondogoo fundi wa paa."

"Bibi, na ukirudi nyuma?"

"Nyuma wapi? Jana na juzi, wameshakuja wakaondoka."

"Na leo ni ya ngapi?"

Akaacha kuchambua. "Leo ina ungapi? Leo ndiyo umesimama juu yake. Mjukuu wangu, huko kazini mnakunywa maji ya kisima gani?"

Kichwani palikuwa pamewaka. Leo ni sifuri! Wala leo si hakuna. Leo ndiyo pale uliposimama. Kesho ni juu moja, keshokutwa juu mbili, mtondo juu tatu. Jana ni chini moja, juzi chini mbili. Simama kwenye kesho, rudi siku tatu: leo, jana, juzi. Moja ukitoa tatu ni chini mbili. Imetoka! Nikamshika bibi mikono mchele ukamwagika, akanifukuza jikoni akisema mshahara haujanifikia na wazimu umeshatangulia.

Kwa hesabu hiyo ya leo na kesho nikapandishwa, kwa majaribio. Bwana Pima alinieleza waziwazi: tungekwenda Mwananyamala kuchimba mfereji wa kutoa maji ya dimbwi kubwa lililokuwa linazaa mbu na kuingia majumbani kila masika. Mimi ningesoma darubini. Mfereji ukipeleka maji, ningebaki kwenye darubini. Ukikataa, ningerudi kwenye mti.

Mwananyamala ya wakati ule ilikuwa mashamba na vibanda vya udongo vyenye makuti, na nyumba moja tu ya mawe, ya Bi Zuhura, mjane mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili. Kwa kuwa ilikuwa ya mawe, Bwana Pima alichagua ukingo wa baraza lake kuwa mahali pa alama ya msingi. Vibarua wakachonga mstari na mshale chini yake. Bi Zuhura akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnanichimbia nini?"

"Ni alama ya serikali, mama. Hapa kwako ndipo sifuri."

"Sifuri?" Mikono kiunoni. "Nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu kwa jasho lake, wewe mtoto wa juzi unaiita sifuri?"

Nikamwonyesha ule mshale. "Mama, sifuri ndiyo mwanzo. Nyumba zote za hapa zitahesabiwa kutoka kwako. Wa juu yako, wa chini yako, wote wanakuuliza wewe kwanza."

Akafikiri. "Mzee Kondo naye?"

Mzee Kondo alikuwa jirani yake, nyumba yake imekaa bondeni, nao walikuwa hawaelewani tangu kuku wa mmoja alipotagia kwa mwenzake.

"Mzee Kondo ni chini tatu, mama."

"Basi chonga vizuri, mwanangu. Isije ikafutika."

Kuanzia hapo alama ile ikawa na mlinzi. Bi Zuhura aliipangusa kila asubuhi, akaizungushia chokaa, akakataza kuku na watoto wasiikanyage. Vigingi vyetu tulivyopigilia kila mahali, vyenye namba za rangi, vikageuka vyeo vya mtaa. Bwana Pima alitaka vigingi viandikwe futi nzima tu, bila inchi, ili wachimbaji wasichanganyikiwe, jambo lililoniumiza moyo maana kila inchi niliyoiacha niliiota. Lakini wananchi walizipenda namba zile. Kijana mmoja wa juu mbili alikataa kumpisha mtu wa chini moja kisimani. Na Mzee Kondo akifungua mdomo tu kwenye baraza la kahawa, mtu anamwambia, "Chini tatu, subiri wa juu wamalize."

"Nyie chekeni," alijibu Mzee Kondo. "Masika ikija mtaniomba samaki."

Mfereji huchimbwa kuanzia mdomoni, yaani kule maji yatakakomwagikia, halafu unapanda nao taratibu hadi kwenye dimbwi. Mdomo wetu ulikuwa karibu na mkono wa bahari, chini tisa. Pale katikati sakafu ya mfereji ilitakiwa kuwa chini nane, na kwenye dimbwi chini sita, kwa sababu dimbwi lenyewe kitako chake kilikuwa chini tano. Mnaona wenyewe: sita iko chini ya tano, nane iko chini ya sita, maji yanashuka ngazi bila kusukumwa. Ukiwa upande wa chini, namba inayoonekana kubwa ndiyo ya bondeni. Hilo nilikuwa nalirudia nikitembea, nikila, hata nikitawadha.

Tulikaa kule mdomoni majuma kadhaa, mbali na nyumba za watu, tukichimba. Tulipofika katikati, Bwana Pima akaamuru tuanze upya kwenye alama ya msingi ili kuhakikisha, kama kanuni inavyotaka. Kibarua akaenda kusimamisha mti barazani kwa Bi Zuhura. Nikachungulia. Baraza lilikuwa limepakwa chokaa mpya, mshale unaonekana safi, mti umekaa juu ya mstari sawasawa. Nikasoma, tukasogea, nikasoma tena, mpaka tukafika kwenye mfereji wetu. Nikapiga hesabu.

Sakafu ya katikati, tuliyoiacha jana yake ikiwa chini nane, ilikuwa chini kumi.

Nikapiga tena kwa kutokea chini. Kumi. Kigingi cha mlangoni kwa Mzee Kondo, ambacho kilikuwa chini tatu, kilitoka chini tano.

"Athumani," akasema Bwana Pima baada ya kuitazama hesabu yangu kwa muda mrefu, "ardhi haina desturi ya kushuka."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi ni wewe uliyeshuka."

Aliona kwamba nilisoma vibaya tangu mwanzo na kuwafanya watu wachimbe futi mbili kupita kiasi. Akaamuru zifukiwe. Nyapara Maganga akaweka koleo chini. "Bwana, juzi tuliambiwa chimba, leo fukia. Kesho tutaambiwa tuupake mafuta?" Kisha akaninong'oneza, "Mtani, nikifukia hapa na nikifuata namba zako huko mbele, mfereji utapita juu ya dimbwi. Maji yatapanda kwa ngazi gani?"

Bwana Pima akatazama mawingu, maana masika ilikuwa imeshaanza kunukia. "Kesho utasoma tena mbele yangu," akaniambia. "Hesabu ikiwa haieleweki, utarudi kwenye mti, nami nitamwomba Bwana Pima Msaidizi aje asome." Nikasikia "Kaza!" masikioni mwangu.

Habari ilienea upesi kuliko moto wa makuti: Mwananyamala inazama. Mzee Kondo alitoa magodoro nje na kuyapandisha juu ya kichanja cha mahindi. Alinifuata akiwa amevaa msuli na hasira.

"Wee kijana! Mwezi uliopita nilikuwa chini tatu, leo chini tano. Kesho mtanipa chini sita na sanda, sivyo? Sita si ndiyo futi za kaburi?"

"Mzee wangu, nitapima tena."

"Usinipime! Kila ukinipima nazama!"

Asubuhi ya pili tulikusanyika mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, tukimngoja Bwana Pima. Niligusagusa skrubu hata kiputo cha darubini, kile cha kuonyesha kama imekaa sawa, kikawa kinacheza ngoma. Nyumba ilikuwa na shughuli, binti yake alikuwa anaolewa, wanawake wanatwanga na sufuria zimepangwa uani.

"Mnyamwezi wee," Bi Zuhura akamwita Maganga kutoka dirishani, "harusi kesho, usiache kuja. Tunahitaji mtu wa kubeba kuni."

"Kesho?" akasema Maganga. "Juzi uliniambia mtondo. Jana ukaniambia keshokutwa. Leo unasema kesho. Harusi zenu Wazaramo zina miguu?"

"Harusi haijasogea, juha wee! Ni leo ndiyo inayosogea!"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliiacha darubini nikahesabu kwa vidole. Harusi haijasogea. Mtondo, keshokutwa, kesho: namba inapungua, harusi ipo palepale, kwa sababu sifuri ndiyo inayotembea.

Nikachukua namba zangu. Katikati ya mfereji: nane, sasa kumi. Mzee Kondo: tatu, sasa tano. Kitako cha dimbwi: tano, sasa saba. Kigingi cha yule kijana wa kisimani: juu mbili, sasa sifuri. Vyote vimeshuka mbili, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Nchi inayozama haizami kwa gwaride kama askari. Hapakuwa na kilichozama. Sifuri ndiyo iliyopanda.

Lakini alama ilikuwa pale, naiona kwa macho yangu. Nikajitupa barazani nikae. Na nilipokaa nikagundua jambo. Siku zile za mwanzo nilikuwa nikikaa pale kunywa kahawa, nyayo zangu zinagusa mchanga. Sasa miguu yangu ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Mama," nikaita, na sauti ikanitoka nyembamba, "hili baraza limekua?"

Bi Zuhura akatoka na uso wa fahari. "Kumbe umeona! Nimeliinua kwa ajili ya wageni. Ningepokea wakwe kwenye baraza fupi kama la Mzee Kondo? Fundi Sefu kaongeza mistari miwili ya mawe na chokaa juu."

"Na alama ya serikali?"

"Astaghfirullah, ungefikiri nitaizika? Nilimwambia fundi, kabla ya yote, chonga ile alama ya watu upya, palepale, mshale uleule, ila juu zaidi ionekane vizuri. Na nikamlipa mbali."

Nilitaka kulia na kumkumbatia kwa pamoja. Katika nchi nzima, mtu mwingine angeifuta alama, au angeisahau. Yeye aliiheshimu mpaka akatupotezea ardhi.

Bwana Pima alifika, akasikiliza, magoti yakazidi wekundu. Akasema alama ya kweli iko ndani ya yale mawe, kwa hiyo baraza livunjwe ili ionekane. Maganga akachukua sururu. Bi Zuhura akakaa juu ya mshale, akakunja kanga yake vizuri.

"Vunja," akasema kwa upole wa kutisha. "Anza na mimi. Halafu kesho uwaeleze wakwe zangu waketi wapi."

Wanawake walikuwa wametoka na michi mikononi. Maganga akairudisha sururu chini, akasema, "Bwana, mimi ni mtani, sikuja kufa shahidi."

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikamsemesha mkubwa bila kuulizwa.

"Bwana, hatuhitaji kuvunja. Sifuri ya zamani tusiitafute. Hii alama mpya tuiite juu mbili. Kila namba niliyosoma jana tuiongezee mbili, itarudi kwake."

Bwana Pima akanigeukia. "Chini kumi ukiongeza mbili ni ngapi?"

Mtaa mzima ukasogea kusikia. Na mimi, niliyeirudia hesabu hiyo hadi nikitawadha, nikasahau. Kichwani ikanijia kumi na mbili, imevaa kanzu safi, inatabasamu, inataka kusemwa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikafumba macho. Nikajiweka siku kumi nyuma ya leo. Songa mbele siku moja. Songa mbele nyingine.

"Chini nane, Bwana."

"Na Mzee Kondo?"

"Chini tano ukiongeza mbili, chini tatu."

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele Mzee Kondo nyuma ya watu. Sijapata kumwona mtu aliyefurahia kuwa chini tatu namna ile. Akaenda kushusha magodoro.

Bwana Pima akataka hakika. Fundi Sefu akaitwa, akafika na mwiko wake mkononi, akaulizwa aliinua baraza kiasi gani.

"Futi mbili, Bwana," akasema Fundi Sefu. Akafikiri, kwa kuwa alikuwa mkweli. "Futi mbili na ukucha."

Ukucha! Moyo ukanipasuka. Nikaanza kueleza kwamba basi itabidi tupime unene wa ukucha, na ukucha wa kidole gani, na chokaa je, imekauka kiasi gani. Bwana Pima akaninyanyulia kiganja.

"Athumani," akasema, "maji hayana kucha."

Kisha akasogea, akaniachia nafasi nyuma ya darubini, akatamka maneno ambayo nimeyakumbuka kuliko cheti chochote: "Tafadhali uendelee kusimama mahali hapo ulipo."

Harusi ilifanyika, wakwe wakaketi juu mbili. Mfereji tuliumaliza mawingu yakiwa yameshatuinamia. Mvua ya kwanza ya masika ilipopiga nilikwenda kusimama kando ya dimbwi chini ya gunia, mimi na wasiwasi wangu, na kwa muda maji yalizunguka tu mahali pamoja kama watu wasiojua nani atangulie. Kisha jani moja la mkorosho likaelekea mfereji, likachungulia, likaingia. Jingine likafuata. Nyuma yangu Maganga akasema, "Haya mtani, yanashuka. Sasa nenda ukapime ukucha wako." Na msiniulize kama nilikwenda. Nilikwenda. Fundi Sefu alikuwa na ukucha mkubwa.

Nilisoma darubini miaka mingi baada ya hapo: barabara ya Mbagala, visima, misingi ya shule. Wakubwa wakabadilika, bendera ikabadilika, futi zikawa mita nikajifunza upya peke yangu, safari hii katika kitabu chenye majibu, nami sikuyaamini. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, naisahihisha kila siku.

Wajukuu wangu hurudi shuleni wakilalamika kwamba hasi na chanya hazina faida. Nawaambia wamtazame baba yao anapotaja kesho na juzi, au timu yetu inavyofunga mawili na kufungwa matano halafu tunajadili tuko wapi kwenye msimamo. Wanasema, "Babu, hiyo ni timu tu." Sawa. Lakini kila mtu husimama mahali fulani akaita hapo sifuri, na ugomvi mwingi niliouona katika kazi yangu na nje yake ulikuwa wa watu waliohesabu sawasawa kutoka kwenye sifuri mbili tofauti.

Mwaka jana nilipita Mwananyamala. Vibanda vya makuti vimekwisha, nyumba zimebanana hata kivuli hakina pa kulala, na mfereji wetu umejengewa zege. Nyumba ya mawe ipo bado. Barazani alikaa kijana, mjukuu wa Bi Zuhura, akanipa shikamoo na kunikaribisha. Nikakaa. Miguu ikaning'inia, tena zaidi ya zamani.

"Mmeliinua?" nikauliza.

"Ndiyo, babu, maji ya barabarani yalikuwa yanaingia. Tumeongeza tofali moja." Akanionyesha ukingoni kwa kidole, kwa heshima. "Ila hii alama ya serikali hatukuifukia. Marehemu bibi alituusia. Tulimwambia fundi aichonge upya, palepale, juu zaidi ionekane vizuri."

Nikaegemea nikautazama ule mshale, mpya, safi, umezungushiwa chokaa. Nikasubiri wasiwasi wangu uje. Ukaja, kama kawaida yake, ukakaa kando yangu. Nikamwuliza kijana unene wa lile tofali.

"Nusu futi hivi, babu," akasema. "Na ukucha."